Sie Hatuli vya Watu

Jumamosi iliyopita nilialikwa kwenye kichen pati, ukumbi mmoja Kinondoni. Nikawekwa meza ya mbele na viatu vinavyonibana, na kabla sijamaliza soda mshereheshaji akanisimamisha. "Akina mama, huyu mnayemwona hapa ndiye anaitwa mwanamke independent! Nyumba kajenga mwenyewe Pugu, mtoto kasomesha mwenyewe, gari anaendesha mwenyewe!" Vigelegele vikapigwa. Bibi harusi mtarajiwa akaambiwa aniangalie vizuri ajifunze. Nilitabasamu, nikapunga mkono, nikakaa. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba mtu angenipa mto pale pale mezani ningelala, na zile doti za khanga za zawadi ningejifunika.

Wanawake wa umri wangu mtanielewa. Siku hizi neno hilo linagawiwa kama pipi, na ukipewa huwezi kulirudisha. Mimi nililijua mapema kuliko wengi. Mara ya kwanza kulitumia nilikuwa darasa la tano, na sijakutana na mtu aliyelitumia vibaya kunishinda.

Tulikuwa tunakaa Kipawa, kwenye nyumba ya Mama Salma. Ndege za uwanja wa karibu zilipita juu yetu chini chini, mtu akiwa anaongea ananyamaza, ikishapita anaendelea pale alipoishia, hata kama ni ugomvi. Mama Salma alikuwa Mzaramo wa pale pale, nyumba kaachiwa na baba yake. Yeye na binti yake Salma, aliyekuwa rika langu na darasa langu, walikaa vyumba vya mbele. Vya uani walipangisha. Chumba kimoja kilikuwa chetu: mama, mimi, na mdogo wangu Upendo ambaye alikuwa hajatimiza mwaka. Baba alikwenda Masasi kumzika babu. Mazishi yakaisha, watu wakatawanyika, yeye akabaki huko huko. Mama hakuwahi kulieleza jambo hilo zaidi ya hapo, na mimi nilijifunza kutouliza.

Mama alifanya kazi kiwanda cha sabuni. Alitoka saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa moja jioni, mikono imebabuka, nguo zinanukia usafi ambao sisi wenyewe hatukuwa nao. Kinachoniuma hadi leo ni kwamba kazi ile yote ilisimama juu ya mapaja ya Mama Salma. Kila alfajiri mama aligonga mlango wa mbele, akamkabidhi Upendo, akaondoka. Mama Salma alishinda naye barazani akisuka ukili, mtoto kakaa mkekani anatafuna mabaki ya miyaa. Hakuchukua hata senti. Mama alikuwa akimletea vipande vya sabuni vilivyokatika vibaya kiwandani, na kila jioni alisimama mlangoni akasema, "Asante dada, Mungu akulipe." Kila jioni, bila kuruka. Nilidhani watu wazima wanapenda kusema hivyo.

Muhula ule alikuja mwalimu wa field, kijana aliyetumwa na chuo chake aje ajifunze kufundisha juu ya vichwa vyetu. Alikuwa na shati moja jeupe na bidii ya kutisha. Kila Jumatatu aliandika sifa moja ya Kiingereza kwenye kipande cha karatasi ya manila, akakitundika juu ya ubao. Ijumaa kila mmoja alisimama kueleza alivyoitumia sifa ile nyumbani. Si kutunga sentensi, alisema, kufanya. Aliyefanya vizuri kuliko wote alivalishwa ile manila shingoni kwa kamba, akashinda nayo, akarudi nayo kwao mtaa mzima unamwona. Salma alikuwa ameshavaa "honest". Mimi nilikuwa sijavaa kitu.

Jumatatu moja ya mwezi wa Ramadhani akaandika "independent". Akatuambia ni mtu anayejitegemea, hasubiri kupewa, haangalii cha mtu. Nchi yetu ilikuwa chini ya wageni, akasema, sasa ni independent. Kisha akatunyooshea chaki, mmoja mmoja. "Na wewe je?"

Chaki iliponifikia nilihisi inauliza jambo la maana sana. Lakini nilirudi nyumbani nimekwama. Nilifua sare zangu mwenyewe, nikapika ugali, nikamwogesha Upendo, na darasa zima walifanya hivyo hivyo. Mtoto wa Kipawa akisimama kusema amefua soksi zake angezomewa mpaka lango la shule. Ilibidi nitafute kitu kikubwa. Nikaanza kujiuliza, kwa akili zangu za miaka kumi na moja, ni nini sisi tunapewa.

Jibu lilikuwa linakuja kila magharibi limefunikwa kwa kawa. Mama Salma akipika futari hakuuliza nani kafunga na nani anakwenda kanisani. Kila mlango ulipata sahani yake: muhogo wa nazi, au magimbi, au maharage ambayo tui lake lilibaki mdomoni mpaka unalala, na kikombe cha uji wenye pilipili manga. Salma ndiye aliyezungusha. Mimi nilikuwa naipokea sahani yetu kwa mikono miwili, naiweka chini ya meza, na kuinusa kila baada ya muda mpaka mama arudi.

Jumanne Salma alipofika nilisimama mlangoni na Upendo kiunoni. Magimbi yalikuwa yananukia hadi nikameza mate.

"Rudisha," nikamwambia.

"Nirudishe nini?"

"Sahani. Mwambie mama yako sie tunajitegemea. Sie hatuli vya watu."

Hayo ya mwisho mwalimu hakunifundisha. Niliyaokota mtaani, kwa watu wazima wanaoongea mikono ikiwa kiunoni, na niliona yanafanana na heshima. Salma aliniangalia kama niliyevua nguo. Akageuka na sahani yake, akaondoka taratibu asimwage uji.

Mama aliporudi tulikula ugali na dagaa. "Leo Mama Salma hajapika?" akauliza. Nikasema sijui. Alikuwa amechoka, hakuuliza tena.

Kesho yake Mama Salma alikuja mwenyewe, sahani mkononi, ushungi umemwangukia begani. Uani alikuwepo Mama Roza, mpangaji mwenzetu, fundi cherehani, ambaye masikio yake yalifanya kazi kuliko mikono.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba mwanangu. Jana Salma kanambia maneno sijayaelewa. Mama yako kasemaje?"

Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi. Ningesema mama hajasema kitu, ningepigwa kofi dogo la kichwani, tungecheka, na hadithi yangu ingeishia hapo. Lakini kesho kutwa ilikuwa Ijumaa.

"Sie ni independent, Mama Salma," nikasema, na sauti nikaipandisha ili neno lisikike vizuri. "Hatuli vya watu."

Cherehani ikasimama. "Heee," akasema Mama Roza. "Makubwa haya."

Mama Salma aliitazama ile sahani kwa muda. "Haya mwanangu," akasema. "Mwambie mama nimesikia." Nilimwona anavyotembea kurudi mbele, na nikajiona mrefu.

Nyie mliokulia nyumba za kupanga mnajua nilichokifanya. Sahani ya jirani hairudishwi ikiwa imejaa. Kama huna njaa unaipokea, unashukuru, unampa kuku. Ukiirudisha na chakula chake, mbele ya mashahidi, na maneno yale juu yake, umemwita mwenye sahani mchawi bila kulitamka. Mimi sikulijua hilo. Wala sikujua kwamba waliokaa chumba chetu kabla yetu walifiwa na mtoto mchanga, na kwamba nusu ya Kipawa ilinong'ona kuwa mtoto yule alikuwa akilishwa kwa Mama Salma. Ilimchukua muda mrefu hata kupata mpangaji mwenye mtoto mdogo, na mpangaji huyo alikuwa mama yangu.

Alhamisi alfajiri mama aligonga mlango wa mbele kama kawaida. Mimi nilikuwa nyuma yake nimebeba chupa ya uji wa Upendo, ndiyo maana nilisikia kila kitu.

"Mama Feli, leo mtoto kaa naye," akasema Mama Salma. Mlango aliufungua kiasi cha uso.

"Unaumwa dada?"

"Siumwi. Ila mtoto wa watu huyu. Kesho likimuuma tumbo nitaambiwa mie."

"Atakwambia nani, dada?"

"Basi tu. Tusameheane."

Mama alisimama. Niliona mgongo wake unataka kuuliza, kisha ukaacha. "Sawa dada," akasema. "Haina shida." Wamama wawili waliokuwa wakipendana waliachana hivyo, kwa adabu kabisa, hakuna aliyeinua sauti. Kama wangetukanana siku ile ingekuwa nafuu, kwa sababu wanaotukanana angalau wanasema kosa ni lipi.

Uani mama alimfunga Upendo mgongoni kwangu kwa khanga, akakaza fundo. "Leo hutakwenda shule. Kesho nitatafuta mtu." Kesho hakupatikana mtu, na kesho kutwa vile vile. Ijumaa ile manila alivaa mtoto mwingine, sijui alifanya nini, sijawahi kuuliza.

Nilikuja kuelewa wiki iliyofuata. Nilikuwa bombani nasubiri ndoo ijae, Upendo analia mgongoni, Mama Roza akanisogelea. "Pole. Ndiyo matatizo ya kumsema mtu. Nyie si ndio mnamwogopa Mama Salma? Sasa mwana mtamlea wenyewe." Nikamuuliza tunamwogopa vipi. Akacheka, akanieleza kwa kirefu, na akanitajia na yule mtoto mchanga aliyefia chumba chetu. Maji yakafurika ndoo, yakanilowesha miguu, na sikuyaona mpaka mtu wa nyuma aliponifokea.

Kuanzia siku hiyo nilijua kwamba shule yangu, usingizi wa mama na jina la Mama Salma vyote vilikuwa vinangoja maneno matatu kutoka kwangu: mama, nilirudisha sahani. Nilijiandaa kuyasema kila jioni. Nilimsubiri ale kwanza, kisha avue viatu kwanza, kisha apumzike kwanza, na mama akipumzika alilala. Mwanzoni niliogopa kuchapwa. Baadaye ikawa vibaya zaidi, akaanza kunisifu.

Alinisifu kanisani. Alinisifu kwa wanawake wa kiwandani waliopita kumsalimia Jumapili. "Mwanangu huyu mtu mzima. Namwachia nyumba, namwachia mtoto, sina wasiwasi." Wananishika kichwa, wananiombea. Mikono yangu ilikuwa inanuka nepi na mafuta ya taa, macho yanauma kwa moshi, mgongo una alama ya fundo la khanga ambayo haikufutika hata nilipooga. Na kila sifa iliyoongezeka ilifanya yale maneno matatu kuwa mazito zaidi. Unamwambiaje mtu anayekushukuru mbele za watu kwamba wewe ndiye uliyemharibia?

Mwalimu wa field alikuja mara moja kuuliza kwa nini siji. Alinikuta nasonga ugali na Upendo mgongoni, anavuta nywele zangu. Akasimama mlangoni na shati lake jeupe, uso ukamng'aa. "Sasa huyu," akasema, "huyu ndiye independent!" Nikaanza kulia. Akadhani ni furaha, akanipigapiga begani na kuniambia nisome hivyo hivyo nyumbani, nitafika mbali. Simchukii. Alikuwa mtoto yeye mwenyewe, ana miaka ya mwanangu wa sasa.

Idd ilipofika watoto wote walikwenda mbele kupewa mkono wa Idd. Mimi nilisimama nyuma yao na kauli yangu tayari mdomoni. Mama Salma aliponiona aliniita, "Feli, njoo." Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililonimaliza. Alikuwa na macho ya mtu aliyezoea. Nikasema shikamoo, akaitikia, akaniangalia akisubiri, na Upendo akamnyooshea mikono kwa sababu mtoto hajui mambo ya watu. Mama Salma akaanza kunyoosha yake, kisha akaikunja kifuani. Nikageuka nikaondoka. Nikikumbuka utoto wangu, ile mikono inayokunjwa huja kabla ya kitu kingine chochote.

Mitihani ya mwisho wa mwaka nikaikosa. Salma akaenda darasa la sita, mimi nikakariri la tano, na tukipishana njiani tuliangalia chini wote wawili. Januari mama mdogo alikuja kutoka Masasi kumshika Upendo, na kabla mwaka haujaisha tukahamia Mbagala. Siku ya kuhama mama alikwenda mbele kuaga. Waliagana vizuri, wakaombeana heri. Mimi nilikuwa juu ya mkokoteni nimeshikilia godoro.

Mengine mnayajua, kwa sababu mshereheshaji ameyatangaza. Nimekuwa mtu wa kufanya mwenyewe. Nimejifungua nimejipeleka mwenyewe, nimeachika nimejifuta machozi mwenyewe, na nyumba ya Pugu nimebeba hata mchanga. Watu wanaona ushujaa. Mimi nikikaa kimya najua ni mtoto aliyeogopa kuomba kitu kwa sababu anaona alishaharibu haki ya kupewa.

Mwezi uliopita Mama Salma alifariki. Mama, ambaye sasa anakaa na Upendo Mbagala, alisikia, akaenda msibani Kipawa, akakaa siku tatu zote. Nilimkuta amerudi, ameketi kwenye mkeka nje, miguu imevimba kwa kuosha vyombo vya msiba. Alikuwa anaongea juu ya marehemu, jinsi alivyokuwa na mkono mwepesi wa kutoa. Nikaona kama nisiposema siku hiyo basi nitazikwa nalo.

Nikamwambia yote, nimesimama, kama darasani. Mwalimu, manila, Jumanne, Jumatano, hatuli vya watu. Nilipomaliza nilikuwa bado nimesimama, mtu mzima na mkoba wangu begani.

Mama hakushtuka. Alivuta khanga magotini. "Nilijua, Feli," akasema.

"Ulijua lini?"

"Wiki ile ile. Mama Roza mdomo wake si unaujua? Alikuja kunisubiri njiani."

Nikatafuta pa kushika. "Sasa mbona hukwenda kumwambia? Mbona hukunichapa? Ungenichapa tu, mama, yangeisha."

Upendo alikuwa ndani anaosha vikombe, tunamsikia anaimba.

"Nilikuwa nimechoka kushukuru," mama akasema. "Kila jioni, asante dada, asante dada. Na yeye mtu mwema, ila bombani alikuwa anawasimuliaga watu, kama si mie huyu kazini angeshafukuzwa. Nikasikia ulivyosema hatuli vya watu, nikasema moyoni, heri. Nikajua ni dhambi. Nikasema nitakwenda kesho kumweleza. Basi ikawa kesho, na kesho yake." Akajifuta uso kwa pembe ya khanga. "Msibani nimemwomba radhi, kashafunikwa."

"Na mimi je? Shule?"

"Wewe nilikuona utaweza."

Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama alivyokuwa akilisema kanisani, kwa fahari ile ile, na nadhani hata leo analiamini. Hasira niliitafuta nikaikuta nimeichosha zamani. Kilichokuwepo kilikuwa kitu kidogo ambacho katika maisha yangu yote sikuwahi kumwambia yeye wala mtu mwingine.

"Sikuweza, mama," nikasema.

Alinitazama. Kisha akajivuta polepole na miguu yake iliyovimba, akaacha nafasi kwenye mkeka, nami nikavua viatu nikakaa.